Muhuri Namba Arobaini na Saba

Alhamisi, saa 3:10 asubuhi

Magodoro yalipangwa mpaka darini. Kigingi alikipenda chumba kile cha nyuma kwa sababu hiyo tu: neno likitoka mdomoni linazama kwenye sponji, halifiki barabarani. Mbele, dukani, watu wanakaa juu ya godoro, wanarukaruka, wanauliza bei, wanakwenda zao. Nyuma, watu watatu wamezunguka kreti, na juu ya kreti kuna kiwanda kizima.

Kigingi haamini karatasi. Ramani yake aliipanga kwa vitu. Pakiti ya sigara, Banda la Ndege. Kiberiti, Banda la Pampu. Kopo la rangi ya viatu, kantini. Funguo za gari, geti. Katikati kizibo cha soda, kimelala kifudifudi.

"Hapa ndipo kwenye mzigo," alisema, akagusa kizibo. "Jela."

Kigingi mwenyewe hafanani na kazi yake. Mwembamba, shati limechomekewa, sauti ya mwalimu wa hesabu. Ukikutana naye njiani utamwomba akuonyeshe posta.

"Kiwanda hiki kinatengeneza kila kitu isipokuwa watoto," alisema. "Ndege ndogo za matajiri. Pampu za maji. Vigari vya umeme vya hospitali. Hata makufuli. Kufuli la jela limetengenezwa humo humo. Wamejifungia wenyewe, tutawafungulia sisi."

"Ndiyo raha ya tajiri," akadakia Bi Gia. "Ndege zikidoda anakula pampu. Mimi lori langu moja lilipokufa, nilikula hewa."

Bi Gia ndiye dereva. Mwanamke wa kifua kipana, miaka ishirini na mitano barabarani, na mdomo wake haujawahi kuwekwa breki. Habari za mtaa mzima anazo, na akikosa anatunga.

"Saa sita na nusu king'ora cha chakula," Kigingi aliendelea. "Mabanda yanakuwa matupu. Sisi tumeshaingia na gari la wachukuzi wa pampu, kama wanavyoingia kila Alhamisi. Mzigo ni boksi moja. Mapanga sitini ya injini, kila moja refu kama kiganja."

"Mapanga sitini, na wewe unakwenda na mguu wa kuku mmoja," Bi Gia alisema. "Haya, dunia imepinduka."

Kigingi hakucheka. Bastola ilikuwa kiunoni, chini ya shati lililochomekewa vizuri.

"Yanakaa tumboni mwa injini, yanazunguka kasi mpaka jicho halioni. Mnunuzi yuko tayari. Kutoka getini ni saa saba kasoro dakika tano. Mlinzi wa zamu ya chakula hajui injini wala mama yake injini. Anaangalia kitu kimoja. Lebo ya kijani, yenye muhuri wa mkaguzi."

Wote wakamgeukia mtu wa tatu.

Mtu wa tatu alikuwa na miaka hamsini na mbili, na vidole vyeusi kwa masizi ya majiko ya gesi, maana siku hizi alikuwa anatengeneza majiko barazani kwake. Genge lilimwita Muhuri. Mfukoni alikuwa na kipande cha shaba, kidogo kama kidole gumba. Kimechongwa mduara, na ndani ya mduara tarakimu mbili. Arobaini na saba.

Pale kiwandani kila mkaguzi alikuwa na namba yake. Ukiondoka, namba inakufa na wewe, hapewi mwingine. Muhuri wenyewe unatakiwa usagwe siku ile ile. Wake haukusagwa. Siku aliyofukuzwa, watu wote walikuwa mazikoni.

"Ni mazima?" aliuliza.

"Mara ya tano hiyo," Kigingi akasema.

"Na ya sita nitauliza. Jela ni ya vitu vibovu. Lebo nyekundu. Vinasubiri kusagwa."

"Jela imejaa mpaka pomoni, wanaweka humo mpaka vitu vya akiba. Injini ya aina hiyo hawaiundi tena, mapanga yake hayahesabiwi na mtu. Kama huniamini mimi, mwulize shemeji yako."

Shemeji alikuwa amesimama mlangoni. Hakukaa tangu aingie. Ovaroli ya kijivu, kitambaa kichwani, ufunguo umening'inia shingoni kwa kamba. Yeye ndiye mtunza jela. Zamu yake ilikuwa inaanza saa tano.

"Ni mazima, shemeji," alisema.

Shemeji. Muhuri alilisikia neno lile likimshuka kooni kama chai ya moto. Kabla ya kazi hii, miaka tisa hakuwa ameitwa hivyo.

Miaka tisa nyuma, mwisho wa mwezi. Ndege moja ilitakiwa ikabidhiwe kabla mwezi haujafungwa, wakubwa wa ghorofani waisome kwenye ripoti. Mkuu wa Banda alikuja na karatasi mkononi, jasho linamtiririka. "Gonga tu. Kukagua tutakagua kesho." Mkaguzi namba arobaini na saba hakufungua kifuniko cha injini. Aligonga. Na kiwandani kulikuwa na desturi: siku ndege inaruka mara ya kwanza, fundi aliyefunga injini anakaa kiti cha nyuma. Ndiyo dhamana yake. Fundi alikuwa mdogo wake. Watu walimwita Kicheko. Alipanda akipunga mkono, meno yote nje, akamwambia kaka yake asimwachie mtu yeyote chai yake.

Panga moja, refu kama kiganja, lilikatika.

Mkuu wa Banda alihamishiwa kwenye pampu, akapandishwa cheo. Mkaguzi alimwaga unga. Mke wa Kicheko, mimba ya miezi saba, alimwona kaburini akahama upande. Tangu siku ile akimwona barabarani anavuka. Mtoto akazaliwa, binti, akakua, akaambiwa yule mzee wa masizi ni fundi majiko tu. Hakuambiwa ni baba yake mkubwa.

Wiki tatu zilizopita Shemeji alikuja barazani na jiko ambalo halikuwa bovu. Akakaa kwenye kigoda. Akasema, "Shemeji, kuna kazi."

Angemwambia waende wakaibe mwezi, angeuliza ngazi iko wapi.

"Lebo ugonge hapa hapa," Kigingi alisema, akachomoa bunda la lebo za kijani. "Tupunguze muda."

"Hapana. Sigongi nisichokiona. Nalishika panga mkononi kwanza, kisha nagonga."

"Kwani unaoa?" Bi Gia akauliza.

"Ndiyo sharti langu. Hamlitaki, mtafute muhuri mwingine."

Kigingi alimtazama Shemeji. Shemeji alitazama magodoro.

"Sawa," Kigingi akasema polepole. "Utaingia nasi."

Saa 5:48

Gari jeupe, maandishi ya wachukuzi ubavuni, rangi bado inanuka. Watatu mbele. Kigingi dirishani, Muhuri katikati, Bi Gia usukani.

"Yule shemeji yako," Bi Gia alianza, "wamemposa mara tatu. Mara tatu! Mmoja ana duka la vioo. Kakataa. Wanasema pete ya marehemu bado analala nayo."

"Endesha gari," Kigingi akasema.

"Mdomo haushiki usukani, usiogope." Akapinda kona bila kupunguza. "Lakini nikwambie kitu, Muhuri. Mwanamke aliyekununia miaka tisa halafu akakutafuta mwenyewe, ama kakusamehe, ama ana lake jambo."

"Kanisamehe."

"Alikwambia?"

Muhuri alisugua kile kipande cha shaba kwa kidole. Alikuwa ameshapanga. Kazi ikiisha, atakwenda nyumbani kwa Shemeji mchana kweupe, kwa mlango wa mbele. Atapiga hodi. Binti atafungua, na mama yake atasema kutoka ndani, mkaribishe baba yako mkubwa. Mgao wake hakuwa ameuliza hata mara moja ni kiasi gani.

"Wewe ikitibuka utafanyaje?" akamwuliza Bi Gia, kubadilisha maneno.

"Mimi? Mimi nikiona geti linafungwa sina rafiki. Nawaambia mapema, msije mkanililia."

Kigingi akatabasamu kwa mara ya kwanza siku ile.

Saa 6:14

Geti liliwapitisha kama linavyopitisha kila Alhamisi. Mlinzi alitazama gari, akatazama maandishi, akarudi kwenye redio yake.

Muhuri aliinamisha kofia. Harufu ilimwingia kabla hajainua macho: mafuta ya mashine, rangi mbichi, chuma kilichokatwa sasa hivi. Pale kushoto, Banda la Ndege, milango mikubwa wazi, na ndani ndege mbili bila mabawa zimesimama kama kuku walionyonyolewa. Pale kulia pampu za bluu zimepangwa mstari kwa mstari. Ukuta mpya. Vigari vya umeme vipya, vyeupe, vimefunikwa nailoni. Kiwanda kimenenepa. Hakuna aliyekikondesha.

Kwenye ukuta wa banda bado kulikuwa na maandishi ya rangi ya mkono: *Kila panga ni mtu.* Maneno hayo aliyaandika Kicheko, walipokuwa vijana, wakagombezwa kwa kuharibu ukuta.

"Usishangae majengo," Kigingi alinong'ona. "Unatia watu shaka."

Saa 6:30

King'ora kililia. Mashine zikazima moja baada ya nyingine, mpaka masikio yakauma kwa kimya. Wafanyakazi wakamiminika kuelekea kantini, wanataniana, wanasukumana, mmoja anamdai mwenzake kijiko. Dakika nne tu, uwanja ukabaki na jua peke yake.

"Twende," Kigingi akasema. "Bi Gia, injini isizime."

Saa 6:36

Jela ilikuwa kizimba cha wavu wa chuma nyuma ya Banda la Ndege. Rafu mpaka juu. Kila rafu ina mabovu yake, na kila bovu lina lebo nyekundu shingoni: jina la kitu, sababu ya kukataliwa, saini ya aliyeshuhudia. Katikati meza ya chuma yenye jiliwa kubwa la kubania vyuma, na nyundo, na kando yake kiti cha mtunza jela.

Shemeji alifungua kufuli. Mikono yake ilikuwa imetulia.

Boksi lilikuwa mezani tayari. Ndani, mapanga sitini yamelala kwenye karatasi ya nta, yanameta kama samaki. Hakuna lebo hata moja. Zimeondolewa.

"Harakisha," Kigingi akasema. Aliweka lebo za kijani mezani, na kidau cha wino.

Muhuri alichukua panga la kwanza. Likakaa kiganjani kana kwamba halijawahi kutoka. Akapitisha ukucha kwenye shina. Akachukua la pili. Kisha akafanya alivyofanya maisha yake yote kabla ya siku ile moja: akayagonganisha taratibu, akasogeza sikio.

Panga zima huimba. Sauti nyembamba, ndefu, kama kengele ya baiskeli iliyo mbali. Lenye ufa hukohoa.

Yale yalikohoa.

Akachukua la tatu. La nne. La kumi, kutoka chini kabisa. Yakakohoa. Kwenye tundu la shina la yale mapanga, sehemu ambayo kitambaa hakifiki, kulikuwa na chembe ya utepe mwekundu wa lebo.

"Haya ni mabovu."

"Gonga."

"Yote yana ufa. Haya ni ya kusagwa. Mtu akiyafunga kwenye injini..."

"Mazima yanahesabiwa kila asubuhi kwa kompyuta," Kigingi alisema, bado kwa sauti ya mwalimu. "Mabovu yanapimwa kwa mizani tu, siku ya kusagwa. Nikiweka vyuma vya pampu vya uzito ule ule, hakuna anayejua. Ulidhani mimi mjinga niibe kinachohesabiwa? Mnunuzi anajua anachonunua. Anataka karatasi tu."

"Na atakayepanda hiyo ndege?"

"Namjua mimi? Wewe unamjua?" Akachomoa bastola, akailaza mezani kando ya kidau cha wino, bila fujo, kama mtu anayeweka miwani. "Tuna dakika kumi. Gonga tu."

Gonga tu.

Muhuri aligeuka kumtazama Shemeji. Alikuwa ameegemea wavu, mikono kifuani. Hakuwa na uso wa mtu aliyeshtuka. Alikuwa anamtazama, hapepesi, kama mtu aliyelipa kiingilio miaka mingi na sasa pazia linafunguliwa.

"Ulijua?" akamwuliza.

"Nilijua."

"Uliniambia ni mazima."

"Hata wewe ulituambia ni mazima," Shemeji alisema. "Gonga, shemeji. Si ndiyo kazi yako?"

Sasa lile neno lilikuwa na miiba, na huenda siku zote lilikuwa nayo.

Muhuri alichukua kipande cha shaba. Kigingi akasogeza lebo ya kwanza. Muhuri akapitisha mkono juu ya lebo, juu ya kidau, juu ya bastola, mpaka kwenye jiliwa. Akakiingiza kwenye mdomo wa jiliwa, uso wenye tarakimu juu. Akazungusha mpini, mara moja, mara mbili.

"We! Unafanya nini?"

Nyundo ilishuka. Ile nne ikalala bapa. Nyundo ikashuka tena. Saba ikafuata. Mara ya tatu shaba ikapasuka katikati, nusu ikaruka chini ya rafu.

Kigingi aliangalia jiliwa kama mtu aliyekuta nyumba yake haipo.

Kisha kitako cha bastola kikampata Muhuri juu ya jicho. Akaanguka na kiti. Damu ikaja haraka, ya moto, ikafunga jicho moja. Akasikia sauti ikisema kwa mbali, sasa si ya mwalimu tena, "Mwendawazimu! Mbwa wewe!" Risasi haikuja. Banda lilikuwa tupu na kimya, na mlio mmoja ungeiamsha kantini yote.

Kigingi alilipachika boksi begani, bastola mkono wa kulia. "Nitapita bila lebo. Huyo mlinzi atakula risasi badala ya wino." Akatoka akikimbia ameinama, boksi likimlemea.

Saa 6:45

Shemeji hakusogea. Alikuwa anaangalia ile nusu ya shaba kwenye jiliwa.

"Umevunja," alisema.

"Nimevunja."

"Kwa nini hukugonga?" Sauti yake ilikuwa ndogo, kama ya mtu anayemwamsha mgonjwa. "Nilijua utagonga. Miaka tisa nalala na kuamka nikijua wewe ni mtu wa kugonga. Ningekufa najua hivyo."

Muhuri alijaribu kuinuka, akashika mguu wa meza. "Shemeji, toka hapa. Yule anakwenda kuua mtu getini."

"Hafiki getini." Akajifuta mdomo kwa kiganja. "Nimepiga simu saa sita na robo. Kwa simu ya kantini. Sikusema jina. Nimesema gari jeupe, boksi la mabovu, lebo za kijani zina muhuri arobaini na saba. Nilitaka wakukute nao mkononi, wino haujakauka. Watu wote wakuone. Mwanangu akuone." Akaonyesha mlango. "Toka sasa. Pitia Banda la Pampu, mlango wa nyuma haufungwi. Toka, shemeji, nakuomba."

Safari hii neno lilitoka lenyewe. Halikuwa na kitu nyuma yake. Muhuri alilitambua hapo hapo, kama alivyotambua panga lililo zima.

"Na ufunguo?" aliuliza. "Kufuli halikuvunjwa. Ufunguo uko shingoni kwako. Watasema nani kafungua?"

"Nilikuwa nimeshapanga. Ningesema uliniibia."

"Basi sema hivyo hivyo."

"Sisemi."

"Lete."

"Sisemi, nakwambia!"

"Huyo mtoto ana mzazi mmoja," Muhuri alisema. "Wa kwanza nilimwondoa mimi. Lete ufunguo."

Nje, filimbi ikapasua mchana.

Saa 6:49

Mambo ya uwanjani Muhuri aliyaona kwa jicho moja, kupitia wavu na mlango wa banda.

Walinzi sita walitokea nyuma ya vile vigari vya hospitali. Geti likaanza kuteleza kwenye reli. Bi Gia aliliona. Hakupiga honi, hakumtazama Kigingi aliyekuwa hatua ishirini tu, boksi begani, mdomo wazi. Alikanyaga mafuta. Gari jeupe lilipita kwenye upenyo wa geti likiacha kioo cha ubavuni kwenye nguzo, likapotea. Na kwa mara ya kwanza maishani mwake, Bi Gia akawa na habari ambayo hawezi kumsimulia mtu.

Kigingi alisimama katikati ya saruji, peke yake, shati limechomoka. Akafyatua moja. Zikamjibu nne.

Alianguka magoti kwanza. Boksi likamtoka, likapasuka, mapanga sitini yakasambaa juani, yakibingirika na kugongana mpaka karibu na mlango wa kantini. Hakuna hata moja lililoimba.

Watu walitoka na vijiko mikononi, wakasimama.

Saa 7:20

Walimkuta Muhuri amekaa sakafuni, mgongo kwenye rafu, ufunguo wenye kamba mkononi. Mkuu wa Ulinzi ndiye aliyeingia, mzee wa zamani pale, filimbi bado shingoni. Alimtambua mara moja. Akavua kofia, kisha akaona aibu, akairudisha.

"Wewe," alisema. "Wewe, mkaguzi?"

"Mimi."

"Ufunguo umeupata wapi?"

"Nimemwibia huyu mama alipokwenda kunawa. Alipoukosa akaja mbio, akatukuta ndani. Yule mwenzangu alitaka kumpiga risasi."

Mkuu wa Ulinzi alimgeukia Shemeji. Nyuma yake wavu mzima ulikuwa umejaa nyuso, kantini yote imehamia pale, wanavutana, wananong'ona, wengine wameshaanza kusimuliana kwa kutia chumvi.

"Ni kweli, mama? Huyu si alikuwa shemeji yako?"

Muhuri alimkazia jicho lake moja lililobaki wazi. Sema.

Mkono ulimkwenda Shemeji shingoni, mahali ambapo kamba haikuwepo. Alipozungumza, wote walisikia, mpaka wa nyuma.

"Sina shemeji," alisema. "Huyo ndiye aliyemuua mume wangu. Ufunguo kaniibia."

Nyuso kwenye wavu zikaguna kwa huruma. Mama mmoja akajifuta machozi kwa aproni. Muhuri aliinamisha kichwa, na waliomwona walidhani ni kwa aibu.

Pingu zilikuwa baridi. Wakamwinua, wakamkalisha kwenye kiti cha mtunza jela kusubiri gari la polisi. Ushahidi ukakusanywa. Bunda la lebo za kijani. Kidau cha wino. Mapanga, yakiokotwa moja moja na kuletwa kwa ndoo.

"Na hii shaba kwenye jiliwa?" Mkuu wa Ulinzi aliuliza.

"Chochote kilichovunjika humu lazima kiwe na lebo," Shemeji alisema. "Ndiyo sheria ya jela. Ngoja niandike."

Alipiga magoti, akaitafuta ile nusu nyingine chini ya rafu, akaitoa, akaipuliza vumbi. Akafunga nusu mbili pamoja kwa uzi. Akachukua lebo nyekundu na kalamu. Kwa kawaida sababu ya kukataliwa ni neno moja: ufa, au kutu, au umepinda. Yeye aliandika kirefu. Alisimama, akafikiri, akaandika tena. Akatia saini. Akapita nayo mbele ya kiti cha Muhuri kwenda kumkabidhi Mkuu wa Ulinzi, na alipofika usawa wake akatembea polepole, lebo imegeuzwa upande wa maandishi, muda wa pumzi moja.

Muhuri alikuwa na damu jichoni. Lakini kusoma lebo kwa haraka ilikuwa kazi yake miaka kumi na minane.

*Kitu: muhuri namba 47. Sababu: umevunjwa na mwenyewe, kwa hiari yake, kabla ya kugonga. Nimeshuhudia kwa macho yangu.*

Chini yake, saini. Hakuandika jina la ukoo wa kwao. Aliandika la ukoo wa mume wake, lile ambalo Muhuri naye analo.

Gari la polisi likapiga honi nje. King'ora cha kumaliza chakula kikalia, kimechelewa nusu saa, na mashine za pampu zikaanza kunguruma.